Jozi ya Kati na Waliotaka Kuifufua

Mwaka 1973 Johannesburg ilizindua majengo mawili, na ni wachache walioona kwamba moja lingekuja kulila jingine. La kwanza lilikuwa Carlton Centre, mnara wa ghorofa 50 wenye urefu wa mita 223, uliosimikwa katikati ya jiji kwa fedha za kampuni ya madini ya Anglo American na washirika wake. Mnara huo ulibaki kuwa mrefu kuliko yote Afrika hadi 2019. La pili lilikuwa Sandton City, jengo la maduka lililofunguliwa upande wa kaskazini, katika manispaa changa iliyoundwa 1969 mahali palipokuwa na mashamba madogo na mazizi ya farasi. Aliyekuwa akipita Mtaa wa Commissioner mwaka ule asingethubutu kuweka dau upande wa Sandton. Carlton ilikuwa na hoteli ya kifahari, maduka yaliyochimbiwa chini ya ardhi na sehemu ya juu ambako mtu angeweza kulitazama jiji lote pamoja na vilima vya vumbi la dhahabu vilivyolizunguka.

Miaka 27 baadaye, soko la hisa lenyewe lilifungasha virago kutoka Mtaa wa Diagonal likahamia Sandton. Hoteli ya Carlton ilikuwa imekwisha kufungwa tangu 1997. Ukumbi ambamo Nelson Mandela alisherehekea ushindi wa ANC usiku wa Mei 2, 1994, ukawa giza tupu.

Tangu hapo watu wa kila aina wamejitokeza kuifufua katikati ya Jozi, kama wenyeji wanavyoiita Johannesburg: mameya, mawakili, benki, wasanii, vijana wenye mitaji, mahakama na wamachinga. Baadhi yao walifanya kazi nzuri kweli. Hata hivyo swali la msingi halikuwa kama katikati ya jiji inaweza kuamka. Swali lilikuwa ikiamka, iamke kwa ajili ya nani, na swali hilo lina umri sawa na jiji lenyewe.

Dhahabu ilipogunduliwa Langlaagte mwaka 1886, serikali ya Jamhuri ya Transvaal ilihitaji mahali pa kuwaweka wachimbaji waliokuwa wakimiminika. Ilichukua kipande cha pembetatu kiitwacho Randjeslaagte, kilichobaki katikati ya mashamba kwa kuwa hakikuwa na mwenyewe. Wapima ardhi walikikata katika viwanja vidogo na vitalu vifupi, maana kiwanja cha kona kiliuzwa bei kubwa zaidi, na vitalu vikiwa vifupi kona zinakuwa nyingi. Hesabu hiyo ya kibiashara ya 1886 ndiyo inayoufanya mji hadi leo uwe na njia panda kila baada ya hatua chache, na ndiyo inayofanya uchuuzi wa kona za barabara unoge hivyo. Mji ulipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya muuzaji, ingawa hakuna aliyemfikiria muuzaji Mwafrika.

Mwafrika alifikiriwa kwa njia nyingine. Mwaka 1954 lilijengwa jengo namba 80 Mtaa wa Albert, eneo la Marshalltown, likawa ofisi ya pasi. Kila mwanamume mweusi aliyetaka kufanya kazi Johannesburg alipaswa kupanga foleni hapo, akaguliwe, apigwe muhuri, kisha ajue kama jiji linamtaka au linamrudisha kijijini. Jioni alirudi Soweto. Katikati ya jiji palikuwa mahali pa kuacha jasho lake tu. Umbali mfupi kutoka hapo, katika jengo la Chancellor House, Mtaa wa Fox, Mandela na Oliver Tambo walikuwa na ofisi yao ya uwakili kuanzia 1952, na wateja wao wengi walikuwa watu waliokamatwa kwa makosa ya karatasi hizo hizo.

Ukuta ulianza kupata nyufa kwenye nyumba za kupanga. Miaka ya 1970 mtaa wa Hillbrow, wenye maghorofa yaliyobanana, ulikuwa wa Wazungu kisheria. Wazungu walipoanza kuhamia vitongoji vya kaskazini, wenye nyumba walijikuta na vyumba vitupu, wakawapangishia Wahindi, machotara, kisha Waafrika, kimyakimya na kwa kodi ya juu kuliko waliyotoza awali. Mwaka 1982 Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba anayekutwa na hatia ya kuishi eneo lisilo la rangi yake hafukuzwi nyumba moja kwa moja; ni lazima mahakama itazame kwanza kama ana pengine pa kwenda. Uamuzi huo mmoja uliitoa meno Sheria ya Maeneo ya Makundi miaka tisa kabla haijafutwa rasmi mwaka 1991. Sheria za pasi zilifutwa 1986.

Hapa ndipo simulizi linalopendwa na wengi linapopinda. Utasikia, hata kwa watu wenye nia njema, kwamba weusi waliingia na mji ukaoza. Mfuatano wa mambo unasema vingine. Mitaji ilianza kuelekea kaskazini wakati mpangaji mweusi bado hawezi kuweka jina lake kwenye mkataba wa pango. Mpangaji ambaye kisheria hayupo hawezi kulalamika kwamba lifti imekufa, hivyo wenye nyumba wengi waliendelea kukusanya kodi bila kutengeneza chochote. Kisha mabenki yakaacha kutoa mikopo ya nyumba kwa mitaa mizima kama Hillbrow na Berea. Ghorofa lisiloweza kununuliwa kwa mkopo linakosa mnunuzi, na likikosa mnunuzi mwenyewe hulitelekeza. Bili za maji na umeme zinapanda, jiji linakata huduma, na siku moja anatokea mtu asiye mmiliki anayesimama mlangoni na kudai kodi. Ndivyo yalivyozaliwa majengo ambayo Jozi huyaita yaliyotekwa.

Ponte City ilipitia yote hayo. Mnara huo wa duara wa Berea, wenye ghorofa 54 na uwazi katikati kama bomba, ulifunguliwa 1975 kwa wapangaji wa hali ya juu. Miaka ya 1990 uwazi wake ulijaa taka zilizorundikana ghorofa juu ya ghorofa, na kulikuwa na mawazo ya kuugeuza kuwa gereza. Haukugeuzwa. Ulisafishwa, wawekezaji waliotaka kuufanya wa anasa walishindwa mwaka 2008, na leo umejaa wapangaji wa kawaida: wauguzi, wanafunzi, Wazimbabwe, Wakongo. Tangu 2012 kundi la vijana liitwalo Dlala Nje lina kituo cha watoto chini ya jengo, na huwatembeza wageni mitaani waone Hillbrow na Berea kwa macho yao badala ya kusoma kwenye magazeti.

Juhudi za kupangwa zilianza 1992, kabla ya uhuru, pale kampuni kubwa, serikali ya jiji na vikundi vya wananchi walipounda ubia wa Central Johannesburg Partnership. Mtu aliyeibeba kazi hiyo kwa miaka mingi ni Neil Fraser. Wazo lilitoka Amerika ya Kaskazini, ambako miji midogo na mikubwa ilikuwa imehangaika na madirisha yaliyopigwa mbao katikati ya mji huku wateja wakielekea kwenye maduka ya pembezoni. Wenye majengo wa eneo fulani hukubaliana kulipa ushuru wa ziada, na fedha hizo hulipa walinzi, wafagiaji, taa na mapipa ya taka. Mwaka 1997 jimbo la Gauteng lilitunga sheria ya kuyapa nguvu maeneo hayo, ili wengi wakikubali, asiyetaka naye alipe.

Ni jambo dogo, lakini lilifanya kazi. Barabara iliyofagiliwa kila asubuhi na yenye mlinzi anayejulikana kwa sura huwarudisha watu haraka kuliko mchoro wowote wa msanifu. Ubaya wake ni kwamba ng'ambo ya mpaka, hatua mbili tu, hakuna anayefagia. Benki zilizokataa kuhama zikajijengea visiwa: First National ilijichukulia vitalu vizima, Standard Bank ikakaa kusini, Absa mashariki. Ndani ya visiwa hivyo palikuwa na viti vya mawe, miti na chemchemi. Nje yake palikuwa na Johannesburg.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni uwanja wa Gandhi Square. Zamani uliitwa Government Square, na palikuwa na mahakama ambamo Mohandas Gandhi, aliyeishi Johannesburg kuanzia 1903, alikuwa akiwatetea wateja wake. Baadaye mahakama zikabomolewa, uwanja ukaitwa Van der Bijl na kuwa kituo kikuu cha mabasi. Kufikia miaka ya 1990 abiria alishuka hapo akiwa ameukumbatia mkoba. Mwanasheria mmoja, Gerald Olitzki, alikuwa akinunua majengo ya kuzunguka uwanja kwa bei ya kutupa, wakati wenzake wakiuza na kukimbia. Mwishowe alikubaliana na jiji akodishiwe uwanja wenyewe kwa miaka 45.

Alichofanya kilikuwa cha akili ya kawaida. Hakuyafukuza mabasi. Aliyapanga upya, akaweka walinzi, akajaza maduka ya vyakula na nguo chini ya majengo yale, kwa kuwa maelfu ya watu waliokuwa wakishuka kwenye mabasi kila asubuhi walikuwa ndio wateja wenyewe. Hapakuwa na haja ya kuwatafuta wengine. Uwanja ulipewa jina la Gandhi mwaka 1999, na 2003 ikasimamishwa sanamu yake akiwa wakili kijana, joho la mahakama likipeperuka nyuma. Mipango mingi mikubwa iliyofuata haikuelewa somo hilo la mabasi.

Mwaka 2001 jiji liliunda shirika lake la maendeleo, Johannesburg Development Agency, na fedha za umma zikaanza kumwagika. Newtown, mtaa wa masoko ya zamani na mitambo ya umeme, ulichaguliwa uwe kitovu cha sanaa. Tayari ulikuwa na Market Theatre, iliyofunguliwa 1976 na Barney Simon na Mannie Manim ndani ya soko la matunda la Wahindi, ambako watazamaji wa rangi zote walikaa pamoja wakati sheria ikikataza. Julai 20, 2003, Mandela alifungua daraja lenye jina lake, lenye urefu wa mita 284 juu ya njia za reli 42, likiunganisha Braamfontein na Newtown. Machi 21, 2004 ikafunguliwa Mahakama ya Katiba juu ya kilima cha gereza la zamani walikofungwa Gandhi na Mandela kwa nyakati tofauti. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yalitumika kujengea ukumbi wake. Mwaka 2003 serikali kuu nayo ilikuwa imetangaza nafuu ya kodi kwa anayejenga au kukarabati ndani ya mipaka maalumu ya miji. Kampuni zilianza kugeuza ofisi tupu kuwa nyumba za kupanga, na Johannesburg Housing Company, iliyoanzishwa 1995, ilifungua Brickfields mwaka 2005, nyumba mpya za kupanga kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, kitu ambacho katikati ya jiji haikuwa imekiona kwa miongo kadhaa.

Upande wa pili wa sarafu ulikuwa kufukuzwa. Ili jengo likarabatiwe lazima liwe tupu, na majengo hayakuwa matupu. Jiji lenyewe lilikadiria kwamba watu wapatao 67,000 waliishi katika majengo 235 mabovu. Likaanza kuwatoa kwa hoja ya usalama, likitumia vijana wa ovaroli nyekundu ambao Jozi nzima inawaita Red Ants. Wakazi wa Barabara ya Olivia huko Berea na wenzao wa Main Street walikataa, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Katiba. Februari 2008 majaji waliamua kwamba jiji haliwezi kumtoa mtu kwenye makazi yake bila kwanza kukaa naye na kuzungumza kwa dhati. Desemba 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, wakaongeza kwamba hata anayefukuzwa na mmiliki binafsi, kama atabaki bila makao, jiji lina wajibu wa kumpatia pa muda. Wawekezaji walinung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa ya uongo mtupu: jiji halikujenga makao hayo ya muda ya kutosha, hivyo kesi zikakwama, majengo yakaendelea kuoza, na wakazi wakaendelea kuishi humo. Mahakama ilitoa haki, na halmashauri ikaiacha haki hiyo ining'inie.

Wakati huohuo, mashariki ya jiji, kijana aitwaye Jonathan Liebmann alinunua maghala na mwaka 2009 akafungua Arts on Main. Msanii William Kentridge aliweka karakana yake hapo. Mtaa ukapewa jina Maboneng, Kisotho kwa mahali pa mwanga, na ukapendeza kweli: sinema, migahawa, soko la Jumapili, watu wa Sandton wakishuka kwenye magari yao na kutembea kwa miguu mjini, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Magazeti ya nje yalifurika sifa. Ila hatua chache kutoka hapo ilikuwa Jeppestown, yenye hosteli na vyumba vya wafanyakazi, na Machi 2015 wakazi wake waliokuwa wakitishiwa kuondolewa waliandamana kuelekea Maboneng. Kampuni ya Liebmann, Propertuity, ilifilisiwa, na 2019 majengo yake mengi yalipelekwa mnadani. Mtaa haukufa, bado una wapangaji na migahawa, lakini ndoto ya kuendelea kununua kitalu baada ya kitalu ilikomea hapo.

Oktoba 2013 ilikuwa zamu ya wachuuzi. Chini ya Meya Parks Tau, polisi wa jiji waliendesha kampeni ya kusafisha mitaa na kuwaondoa maelfu ya wachuuzi, wakiwemo waliokuwa na vibali mkononi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeshuhudia kuondolewa kwa wamachinga barabarani mwaka 2021 hahitaji kuchorewa picha. Tofauti ni kwamba wa Johannesburg walikwenda mahakamani, na Desemba 5, 2013 Mahakama ya Katiba iliamuru warudi kwenye meza zao. Usiku wa siku hiyohiyo Mandela alifariki, habari ikafunikwa. Katika sababu walizozitoa mwaka uliofuata, majaji walilikosoa jiji vikali kwa kudharau haki za watu hao.

Ufufuo mkubwa kuliko wote, kwa vipimo vya fedha na vishindo vya miguu, haukuwamo kwenye mpango wa mtu yeyote. Mtaa wa Jeppe, ambao tangu 2014 unaitwa Rahima Moosa, ulikuwa mtaa wa madaktari wa Kizungu. Majengo yake yalikuwa na vyumba vya uchunguzi, sehemu za kusubiria na maabara. Madaktari walipohama, walikuja Waethiopia. Wengi walianza miaka ya 1990 kwa kutembeza bidhaa mlango kwa mlango kwenye vitongoji na miji midogo, wakiuza kwa mkopo wa wiki. Baadhi wakapata mtaji wa kukodi chumba cha daktari, wakakigawa, wakagawa tena. Medical Arts Building ikawa ghorofa la fremu za maduka kutoka chini hadi juu: mapazia, blanketi, jinzi, viatu, vyote kwa jumla na rejareja, mizigo mingi ikitoka China. Ghorofa za chini, zenye wapita njia wengi, zina kodi kali na kilemba juu yake. Juu kidogo kuna migahawa ya injera na kahawa inayokaangwa mbele ya mteja.

Anayeijua Kariakoo ataielewa Jeppe bila mkalimani. Mabasi ya usiku hushusha wanawake kutoka Zimbabwe, Zambia, Malawi na Msumbiji. Hununua asubuhi, hufunga mabelo mchana, jioni wako njiani tena. Makadirio yaliyofanywa muongo uliopita yaliweka matumizi ya wanunuzi hao wa kuvuka mipaka kwenye takriban randi bilioni 10 kwa mwaka. Ni fedha za kigeni zinazoletwa na watu wanaolala kwenye viti vya basi, na kwa miaka mingi jiji lilizihesabu kama kero.

Kero nayo ipo, isifichwe. Bidhaa bandia ni nyingi. Agosti 2019 polisi walioingia kuzikamata walirushiwa mawe hadi wakarudi nyuma, na siku chache baadaye walirejea kwa wingi na kukamata watu zaidi ya 500. Wiki chache mbele, mwanzoni mwa Septemba, maduka ya wageni yalichomwa na kuporwa katikati ya jiji na Jeppestown, na Air Tanzania, iliyokuwa imeanza safari za Johannesburg miezi michache tu kabla, ikazisimamisha. Vijana wa Kitanzania walioikimbilia Bondeni, yaani Afrika Kusini, kutafuta maisha walijifungia ndani kama wenzao wa Nigeria na Kongo.

Kisha ikaja alfajiri ya Agosti 31, 2023. Jengo namba 80 Mtaa wa Albert, ile ofisi ya pasi ya 1954, lilishika moto. Baada ya ubaguzi liliwahi kuwa hifadhi ya wanawake na watoto, iliyoitwa Usindiso. Hifadhi ilipokufa jengo likatelekezwa, likatekwa, likagawanywa kwa mbao na mabati mpaka kwenye korido. Njia za kutokea zilikuwa zimezibwa au kufungwa kwa kufuli. Walikufa watu 76, wakiwemo watoto, Waafrika Kusini pamoja na wahamiaji wa Malawi, Tanzania na kwingineko. Wanasiasa walikimbilia kulaumu watekaji wa majengo na mashirika ya kutetea wapangaji. Tume ya Jaji Sisi Khampepe, iliyotoa ripoti yake ya kwanza Mei 2024, ilielekeza kidole kwingine: mmiliki wa jengo alikuwa jiji la Johannesburg, na jiji lilijua hali yake tangu angalau 2019.

Mwaka huohuo wa moto, Julai, gesi ililipuka chini ya Mtaa wa Lilian Ngoyi, ikapasua lami na kupindua daladala kana kwamba ni vibati vya kuchezea. Ukarabati uliburutwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Wafanyabiashara wakubwa, wakiongozwa na Robbie Brozin, mmoja wa waanzilishi wa Nando's, waliunda vuguvugu la Jozi My Jozi kusafisha mitaa na kuwasha taa, ikiwemo kwenye Daraja la Mandela ambalo wezi wa nyaya waliliacha gizani. Machi 2025 Rais Cyril Ramaphosa alikutana na viongozi wa jiji na kusema wazi kwamba hali ya Johannesburg haipendezi. Kikosi kazi cha Ikulu kikaundwa, huku mkutano wa wakuu wa G20 wa Novemba ukikaribia.

Katika orodha za kazi zilizotangazwa kabla ya mkutano huo palikuwa na taa za barabarani, mashimo, mabomba na kuwapanga wachuuzi. Wafanyabiashara wa Jeppe wanazijua orodha hizo. Wanachokiomba kwa miaka mingi ni cha bei nafuu zaidi: vyoo vya umma kwa wanunuzi wa kutoka mbali, mahali salama pa kupakia mabelo, na takataka zibebwe zaidi ya mara moja kwa siku, kwa kuwa soko lile huzalisha katoni na nailoni tangu mlango wa kwanza unapofunguliwa asubuhi.